Kujulikana Si Kuaminika

Kwenye kompyuta nyingi za Linux kuna faili inayoitwa libc.so.6. Hakuna anayeifungua kwa kujifurahisha, wala haina picha yake kwenye skrini. Lakini programu ikitaka kufungua faili nyingine, kuomba nafasi kwenye kumbukumbu au hata kuuliza saa, mara nyingi hupitia hapo. Faili za aina hii huitwa maktaba, na jina linafaa: mtu aliandika kazi mara moja, na programu zingine zote zinakuja kuazima badala ya kuanza upya. Kwenye Windows majina yake huishia na DLL, na folda ya System32 imejaa maelfu yake.

Sasa chukulia kwamba mtu ameandika faili yake mwenyewe, ya kuiba nywila, akaipa jina hilohilo la libc.so.6. Akifaulu kuiweka mahali ile ya kweli ilipokuwa, kompyuta haitamwuliza chochote. Programu zitaendelea kuja kuazima kama kawaida, na mwizi atazihudumia akiwa amevaa joho la mkutubi. Kwa kompyuta, jina ni kama kiti cha matatu: aliyekalia ndiye abiria. Tarehe ya faili inaweza kuigwa pia, na hata ukubwa wake. Kila kilichoandikwa nje ya kitu, mtu mwingine anaweza kukiandika upya.

Ndiyo sababu watu wa kompyuta walitafuta alama inayotoka ndani ya kitu chenyewe. Alama hiyo ni heshi. Unaichukua faili nzima, kuanzia biti ya kwanza hadi ya mwisho, unaipitisha kwenye hesabu maalum, na upande wa pili inatoka safu ya herufi na tarakimu yenye urefu uleule daima. Hesabu inayotumika sana siku hizi, SHA-256, hutoa safu ya herufi na tarakimu 64, iwe ulichoingiza ni barua ya mstari mmoja au filamu ya saa tatu. Badilisha herufi moja tu ndani ya faili, hata nafasi moja tupu, na alama nzima inageuka: karibu nusu ya biti zake zinapinduka, bila mpangilio unaoweza kukisia. Ukiwa na alama peke yake huwezi kuijenga faili upya. Na idadi ya alama zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 78, kwa hivyo uwezekano wa faili mbili tofauti kugongana kwa bahati ni kitu ambacho mtu mwenye akili timamu hakipi nafasi kichwani mwake.

Kuna jambo moja dogo kuhusu hesabu hii ambalo linanisumbua kila nikilikumbuka. Faili tupu, isiyo na hata herufi moja, nayo ina heshi. Ukiipitisha kwenye SHA-256 utapata alama inayoanza na e3b0c442 na kuishia na b855, uwe Kisumu au Oslo, leo au baada ya miaka kumi. Alama ya utupu ina urefu uleule, na uhakika uleule, kama alama ya kamusi nzima. Ukizitazama mbili hizo kando kwa kando huwezi kujua ni ipi iliyotoka kwenye kitu na ipi iliyotoka kwenye hakuna.

Swali langu liko hapo, na ni la zamani kuliko kompyuta. Nikishajua bila shaka yoyote kwamba hiki ni kilekile, nimejua nini hasa?

Wenyewe huiita heshi alama ya kidole. Mfano huo ni mzuri kuliko wanavyodhani. Alama ya kidole iliyokutwa kwenye kioo cha dirisha haisemi jina la mtu. Ili iseme, lazima mahali fulani kuwe na daftari ambamo mtu aliandika: kidole hiki ni cha fulani. Heshi ni vilevile. Ukiwa na maktaba usiyoifahamu, heshi yake haikwambii ni ya kifurushi gani mpaka uwe na orodha.

Mfumo wa Debian, ambao ni mmoja wa mifumo ya Linux inayotumika sana duniani, una orodha za namna hiyo. Programu zake zinakuja kwa vifurushi, na kifurushi kikishawekwa huacha nyuma daftari la faili zake na heshi zake. Ukiandika amri ya dpkg -S na jina la faili, unaambiwa imetoka kifurushi kipi. Ukiandika dpkg --verify, mashine inazipiga heshi faili zilizopo na kukuonyesha ambazo hazilingani na daftari. Ni kazi safi sana. Lakini daftari lenyewe liko kwenye kompyuta ileile. Mwizi aliyepata uwezo wa kubadilisha maktaba ana uwezo wa kubadilisha daftari pia. Ni kama kumpa mshukiwa funguo za ofisi ya chifu halafu kesho yake kwenda kuangalia rejista inasemaje.

Kwa hivyo orodha nyingine hutunzwa mbali. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ina mradi mkubwa unaoitwa NSRL. Hukusanya programu zenyewe, huzifungua, huchukua heshi ya kila faili iliyo ndani, na kuandika ni ya programu gani, toleo gani, mtengenezaji gani. Orodha hiyo hutolewa bure. Mpelelezi akichukua kompyuta ya mshukiwa yenye mamia ya maelfu ya faili, huzilinganisha na orodha hiyo na kuziweka kando zinazofahamika, ili macho yake yabaki kwa zile zisizofahamika.

Waandaaji wa orodha hiyo wana tahadhari ambayo ningependa ibandikwe kwenye kuta za ofisi nyingi. Wanasema wazi kwamba faili zilizomo ni zinazojulikana. Hawasemi ni njema. Ndani ya orodha hiyohiyo kuna zana za kudukua na za kuficha ujumbe, kwa sababu nazo ni programu zilizotengenezwa na mtu, zikapewa jina na toleo. Zinajulikana. Basi.

Mimi huandika makala za kulipwa kwa idadi ya maneno, na kati ya makala moja na nyingine nakagua kompyuta za majirani. Mwaka jana mama mmoja mwenye saiba mtaani kwetu aliniita. Mpwa wake alikuwa amepekua mashine moja akakuta faili mbili zenye jina moja, msvcp140.dll: moja ndani ya System32, nyingine ndani ya folda ya programu tofauti kabisa. Mpwa akasema hiyo ya pili ni virusi iliyojivika jina. Wasiwasi wake haukuwa wa bure. Saiba ni mahali ambapo watu huingia eCitizen, huwasilisha ritani za kodi, na kuandika nywila zao kwenye mashine wasiyojua imetoka wapi.

Nikazipiga heshi zote mbili. Hazikufanana.

"Si nilikwambia, anti?" mpwa akasema.

Lakini kutofanana bado hakukuwa na maana yoyote. Maktaba hiyo ni ya Microsoft, imetolewa kwa matoleo mengi, na programu nyingi huja na nakala yake mfukoni. Nikaitafuta ile heshi ya pili kwenye orodha, ikapatikana. Ilikuwa imesajiliwa kama sehemu ya programu ya printa, ileile printa iliyokuwa pale mezani ikitoa nakala za vitambulisho.

"Kwa hivyo iko salama?" mama akaniuliza.

"Ni ya printa, mama."

"Kijana, hilo silo nililouliza."

Na kweli silo alilouliza. Yeye alitaka kujua kama anaweza kulala. Mimi nilikuwa na uwezo wa kumwambia kitu kimetoka wapi. Kati ya maswali hayo mawili kuna pengo, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita usalama wa kompyuta ni daraja ambalo watu wamelitandika juu ya pengo hilo, wakipita kwa haraka bila kutazama chini.

Kuna atakayesema pengo hilo ni suala la hesabu dhaifu tu, na tukipata hesabu imara litazibika. Historia inampa sababu za kusema hivyo. MD5, hesabu iliyoaminika kwa miaka mingi, ilivunjwa mwaka wa 2004 na watafiti wakiongozwa na Wang Xiaoyun wa China, waliotengeneza data mbili tofauti zenye heshi moja. Mwaka wa 2012 ikagunduliwa programu ya ujasusi iliyoitwa Flame, ambayo ilikuwa imetumia udhaifu wa MD5 kughushi cheti kilichoonekana kama cha Microsoft. Mwaka wa 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam na wa Google wakaivunja SHA-1 kwa kuonyesha PDF mbili tofauti zenye alama moja. Kila mara dawa ilikuwa kuhamia hesabu imara zaidi, na dawa ilifanya kazi. SHA-256 haijavunjwa hadharani na mtu yeyote.

Lakini kisa kilichotikisa ulimwengu huo mwaka wa 2024 hakikuhitaji kuvunja hesabu yoyote.

Kuna programu ya kubana faili inayoitwa xz, na ndani yake kuna maktaba ya liblzma. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka wa 2021 akatokea mchangiaji aliyejiita Jia Tan. Alikuwa mpole, mchapakazi, akituma marekebisho madogo madogo yenye manufaa. Mwaka wa 2022 wakaanza kujitokeza watu wengine kwenye mazungumzo ya mradi, wakimlaumu Collin kwamba anachelewesha kazi na kumshinikiza aongeze mtu wa kumsaidia. Collin akawaeleza kwamba amekuwa na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba huu ni mradi wa kujitolea usiolipa. Polepole Jia Tan akapewa mamlaka. Hao walalamishi hawakuonekana tena, na wengi sasa wanaamini walikuwa sehemu ya njama ileile.

Mnamo Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0, na Machi likafuata la 5.6.1. Ndani yake kulikuwa na mlango wa nyuma. Mtu mwenye ufunguo fulani wa siri angeweza kutoa amri kwenye seva kupitia SSH, njia ambayo mafundi hutumia kuingia kwenye seva wakiwa mbali, bila kuulizwa nywila. Na hapa ndipo suala la maktaba linapokuwa tamu na chungu kwa pamoja. SSH yenyewe haiazimi chochote kutoka kwa liblzma. Lakini mifumo kama Debian na Fedora ilikuwa imeiunganisha na maktaba ya systemd, nayo systemd ilikuwa inaazima kutoka kwa liblzma. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikuwa ndani ya bitana.

Sasa tazama heshi. Kifurushi cha toleo hilo kilitiwa saini ya dijitali na Jia Tan, ambaye kwa wakati huo alikuwa mtunzaji halali. Heshi ya kifurushi ulichopakua ililingana na ile iliyotangazwa. Ukiuliza hii ni liblzma ya kifurushi gani, jibu lilikuwa sahihi: xz, toleo la 5.6.1, kutoka kwa watunzaji wake wenyewe. Kila aliyekagua aliambiwa OK, na OK hiyo ilikuwa ya kweli. Sehemu muhimu ya ujanja huo haikuwamo hata kwenye hazina ya msimbo iliyo wazi kwa kila mtu; iliongezwa kwenye kifurushi cha kupakua tu, mahali ambapo watu hukagua heshi na kuendelea na safari.

Kilichouokoa ulimwengu ni nusu sekunde. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, aligundua kwamba kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kama nusu sekunde na kula nguvu nyingi ya prosesa. Wengi wetu tungeenda kutengeneza chai. Yeye akafuata uzi mpaka akafika kwa liblzma, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Matoleo hayo yalikuwa bado hayajafika kwenye mifumo mingi ya kudumu.

Ona alichokagua Freund. Hakuuliza kama kitu ni kilekile. Aliuliza kama kinatenda kama kinavyopaswa kutenda. Nyumba njema si mlango. Yeye alifungua akaingia ndani.

Ninapokipanga kisa hiki kichwani, naona maswali matatu ambayo huwa tunayasonga pamoja kama unga wa ugali. La kwanza: hiki ni kile? La pili: kile kilitoka kwa nani? La tatu: huyo aliyekitoa, tuna sababu gani ya kumwamini? Hesabu hujibu la kwanza, na hulijibu vizuri kupita kiumbe yeyote. La pili ni ushahidi wa mtu, aliyekaa akaandika kwenye orodha. La tatu ni uhusiano, na uhusiano haupigwi heshi. Hatari ni kwamba uhakika wa jibu la kwanza humwagika ukalowesha mengine mawili. Tunaona safu ya herufi na tarakimu 64 zimelingana zote, na moyo unatulia kuhusu mambo ambayo safu hiyo haikuyagusa.

Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, alilisema jambo la aina hii alipokuwa akipokea tuzo ya Turing, kwenye hotuba iliyochapishwa mwaka wa 1984. Alionyesha jinsi programu inayotafsiri msimbo inavyoweza kupandikiza mlango wa nyuma ambao hauonekani kwenye msimbo wowote utakaousoma. Hitimisho lake lilikuwa kwamba huwezi kuuamini kikamilifu msimbo ambao hukuuandika wote mwenyewe. Na nani ameandika wote mwenyewe? Mwisho wa ngazi zote za ukaguzi kuna mtu.

Kama haya yangekuwa mambo ya kompyuta tu ningeyaacha kwa mafundi. Lakini sisi Wakenya tuna sababu ya kusikiliza kwa makini mtu anaposema "alama ya kidole". Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya usajili wa Waafrika mwaka wa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na wanaume wakalazimishwa kubeba kipande, kwenye kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ndani yake kulikuwa na alama za vidole, na pia maelezo aliyoyaandika mwajiri. Kidole kilikuwa chako, na hakikuweza kudanganya. Maelezo yaliyokaa kando ya kidole yalikuwa ya mtu mwingine. Kidole kiliyapa maneno ya mwajiri uzito ambao hayakustahili, kwa sababu kilithibitisha kwamba yanakuhusu wewe na si mwenzako.

Na si mambo ya zamani pekee. Kaskazini Mashariki mwa Kenya kuna watu ambao, wakiwa watoto, wazazi wao waliwaandikisha kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab. Walikuwa Wakenya. Lakini ukame ulikuwa umemaliza mifugo, na kambini kulikuwa na chakula, shule na zahanati. Miaka ikapita. Wakafika umri wa kuchukua kitambulisho, wakaweka vidole kwenye mashine, na mashine ikasema: hiki kidole kinajulikana, ni cha mkimbizi. Wakanyimwa kitambulisho cha nchi yao. Maelfu walijikuta hivyo. Na bila kitambulisho Kenya hii huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kufungua akaunti ya benki, na kizuizi cha polisi barabarani kinakuwa mtihani wa kila safari.

Hebu tupange maswali yale matatu tena. Kidole hiki ni kilekile cha kambini? Ndiyo, bila shaka yoyote. Mashine haikukosea hata kidogo. Nani aliandika "mkimbizi" kando yake, na kwa sababu gani? Hapo ndipo pa kuuliza, na hapo ndipo watu hao walipokuta mlango umefungwa kwa miaka. Kijana alikuwa anabishana na neno moja lililoandikwa kwenye rejista siku ya njaa, na alijibiwa kana kwamba anabishana na kidole chake mwenyewe. Huwezi kushinda ubishi na kidole chako.

Kwangu mimi hili ndilo kosa la kimaadili lililojificha ndani ya kila mfumo wa kutambua kwa alama, wa faili au wa watu. Alama haina rufaa, na ni sawa isiwe nayo. Hesabu ni hesabu. Lakini maelezo yanayokaa kando ya alama yaliandikwa na mtu, kwa hivyo lazima yawe na mahali pa kukatiwa rufaa. Mfumo unaochanganya hivi viwili umempa mwandishi wa orodha mamlaka ya hesabu bila kumpa wajibu wa shahidi.

Faili ikiwekewa maelezo mabaya haiumii. Mtu anaumia. Ila tabia ya kusoma orodha ni ileile, na tunajifunza kwa vitu kabla ya kuitumia kwa watu.

Najua kitu kidogo kuhusu kukaguliwa. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina karatasi ya kuthibitishwa. Vyeti bandia viko, tena vingi, na ni haki mwajiri akague kama karatasi kweli imetoka kwa chuo kilichoandikwa juu yake. Sina kinyongo na hilo. Lakini kazi zote nilizopata mpaka leo zimetoka kwa mtu kumwambia mwingine, "Namjua huyu, mpe." Hiyo ndiyo dhamana. Anayeitoa anaweka jina lake rehani. Nikiharibu, yeye anaharibikiwa kidogo pia. Heshi haiwezi kuharibikiwa kwa niaba ya mtu, na ndiyo maana haiwezi kumdhamini.

Sisemi tuzitupe heshi. Bila hizo hatungejua hata kama tunazungumzia kitu kimoja, na mazungumzo yote ya kuaminiana yangevurugika kabla ya kuanza. Ninachosema ni kwamba zifanye kazi yake na zisipewe ya mwingine. Kuna watu wanaofanya hivyo vizuri. Ndani ya Debian na miradi mingine kuna juhudi ya miaka mingi ya kuhakikisha kwamba msimbo mmoja, ukijengwa na watu tofauti kwenye mashine tofauti, unatoa faili yenye heshi moja kabisa. Zamani haikuwa hivyo: tarehe ya ujenzi au jina la folda lilitosha kubadilisha alama nzima ijapokuwa programu ilikuwa ileile. Wakishaondoa tofauti hizo, mtu wa Berlin na mtu wa Mombasa wanaweza kujenga kila mmoja kivyake na kulinganisha. Hapo heshi inakuwa njia ya mashahidi wengi kukubaliana, na si muhuri wa mkubwa mmoja. Hata juhudi hiyo peke yake isingemkamata Jia Tan, kwa sababu kifurushi chenyewe cha msimbo ndicho kilichochafuliwa. Lakini inapunguza idadi ya watu unaolazimika kuwaamini kwa kufumba macho.

SHA-256 yenyewe ni mfano. Ilibuniwa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani. Ukiuliza imetoka kwa nani tu, ungekimbia. Tunaitumia kwa sababu ilichapishwa wazi, na kwa zaidi ya miaka 20 wanahisabati wa nchi nyingi wameishambulia mchana kweupe wakashindwa. Imani hiyo haikutoka kwenye muhuri. Ilitoka kwa watu wengi wasiopendana, wote wakiwa na ruhusa ya kutazama ndani.

Kwa hivyo mtu akikwambia kitu "kimethibitishwa", nadhani una haki ya kumwuliza: kimethibitishwa nini? Kwamba ni kilekile, kwamba kimetoka kwa fulani, au kwamba ni chema? Na akijibu la tatu, una haki ya kuuliza jina lake.

Upande wa pili kuna deni pia, na hili husahaulika. Dunia nzima iliazima kutoka kwa maktaba ya Lasse Collin kwa miaka, mabenki na serikali pamoja. Wote walikagua heshi ya kazi yake. Alipochoka, aliyejitokeza kumpa pole na kumpunguzia mzigo alikuwa mwizi. Kama kuaminika ni uhusiano, basi uhusiano una gharama, na gharama hiyo wenye uwezo wote walikuwa wamemwachia mtu mmoja.

Baada ya mlango ule kugunduliwa, Collin alirudi. Alipitia kazi iliyochafuliwa, akaisafisha, na mwishoni mwa Mei 2024 akatoa toleo la 5.6.2, likiwa na saini yake mwenyewe. Likapata heshi mpya. Ukiiweka kando ya heshi ya toleo lenye sumu huwezi kuona tofauti ya tabia: herufi na tarakimu 64 hapa, 64 pale, zote zimetulia. Anayejua ipi ni ipi ni mtu tu, na yule anayemwamini mtu huyo.